Falsafa ya Kinaa na Sikukuu za Majira ya Baridi

Watu wengi huyahukumu madhehebu ya unaturisti kwa sura yake ya nje, wakidhani kuwa hayana kiini ila kuvua nguo. Na kwa msomaji aliyelelewa katika sitara na haya, hukumu hiyo huja upesi wala si ya kulaumiwa. Lakini shirikisho la kimataifa la wafuasi wake, lilipokutana Cap d'Agde, Ufaransa, mwaka 1974, liliufafanua uchi wa pamoja kuwa ni njia, na makusudi yake kuwa ni mtu kujiheshimu nafsi yake, kuwaheshimu wenziwe na kuyaheshimu mazingira. Nadai kwamba mtihani wa kweli wa falsafa hiyo hauko ufukweni wakati wa jua, bali uko katika Desemba ya Ulaya na Marekani, wakati baridi inapomlazimisha kila mtu kujifunika na masoko yanapomhimiza kununua.

Waasisi wa mwendo huo hawakuwa watafutaji wa anasa. Henri Oedenkoven na Ida Hofmann, walioanzisha makazi ya Monte Verità huko Ascona, Uswisi, mwaka 1900, waliyakimbia maisha ya miji ya viwanda wakalima bustani, wakaacha nyama na kuota jua, kwa itikadi kwamba siha na uhuru hupatikana kwa kupunguza haja za mwili na wala si kwa kuziongeza.

Mwaka 1899 mwanauchumi wa Marekani Thorstein Veblen alionyesha kuwa mavazi, zaidi ya kukinga baridi, ni ushahidi wa ukwasi unaotangazwa mbele ya watu. Mwanamume Muislamu anayehirimia Hija katika shuka mbili zisizoshonwa, ambamo tajiri na maskini hawapambanuki, anaijua hekima ya kuuondoa ushahidi huo pasipo kuivunja sitara. Na zawadi za Desemba aghalabu hufanya kazi ile ile ya mavazi ya fakhari. Huko New York, mwaka 1912, Eleanor Belmont na Anne Morgan waliunda chama cha kupinga utoaji wa zawadi zisizo na faida, kwa sababu wasichana wa madukani, ambao ujira wao ulikuwa haba, walishurutishwa na desturi kuchangia zawadi za wasimamizi wao. Hata Theodore Roosevelt, aliyepata kuwa rais, akajiunga nao. Hidaya itolewayo kwa hofu ni kodi.

Mfano ulio bora zaidi wa kinaa uko Finland, kwa watu wasiojiita wanaturisti. Adhuhuri ya tarehe 24 Desemba, amani ya Krismasi hutangazwa katika mji wa Turku; kisha jamaa huingia katika sauna, wakaketi uchi juu ya mabao, wakamwagia maji mawe ya moto hata mvuke ukapanda, na kujipigapiga kwa matawi ya mti wa betula, ambayo aghalabu yalifungwa mafungu wakati wa kiangazi, majani yakiwa mabichi. Wakishaoga huvaa nguo safi, na wengi huenda makaburini kuwawashia wafu wao mishumaa. Katika saa hizo hakuna kinachopimwa kwa bei, na hakuna anayeonekana duni kwa sababu ya alichokosa kununua.

Huenda mtu akapinga kwamba zawadi huunga udugu, na kwamba wachuuzi nao wana watoto wa kulisha. Hoja hiyo ina haki yake, wala simkatazi mtu kumpa mwenziwe tunu aliyoiteua kwa mapenzi. Ninalolipinga ni shuruti na israfu. Wala uchi peke yake si kinga, kwani Cap d'Agde yenyewe leo ina maduka na mahoteli ya kuwauzia hao waliovua nguo. Kinga ni kinaa, nayo haihitaji jua wala ufuo. Basi jamaa wanaoitaka sikukuu ya kinaa wakubaliane mapema, kabla Desemba haijaingia, kiasi cha kutumia kisichomwaibisha aliye mnyonge kati yao, na wakati watakaokaa pamoja bila ya kununua chochote. Na wakiweza kuyatimiza hayo mawili, watakuwa wameishika roho ya falsafa hii, hata wakiwa wamejifunika kwa sufu toka utosini hadi nyayoni.