Bandari kavu

Mtaa wa Mbotela, Eastlands, jijini Nairobi, uko karibu kilomita 500 kutoka Bahari ya Hindi, lakini umbali wake hadi bandari ni mfupi tu. Bandari hiyo ni kituo cha makontena cha Embakasi, kilichofunguliwa mwaka 1984, ambacho siku hizi tunakiita "bandari kavu". Wapo wanaoliona jina hili kuwa kosa: neno bandari tulilipata kwa Waajemi, watu wa pwani na jahazi, kwa hiyo pasipo maji paitwe bohari. Hoja hiyo ina uzito, kwani hakuna meli itakayotia nanga Embakasi. Hata hivyo, bohari huhifadhi tu. Bandarini shehena hukaguliwa, hulipiwa ushuru na huruhusiwa kuingia nchini. Watafiti wa uchumi wa bandari nao huchunguza sana kazi hizo, si kina cha maji peke yake.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa Mombasa. Agosti 2019 ilipoagizwa kwamba mizigo ya Nairobi isafirishwe kwa reli ya SGR na kutolewa Embakasi, bahari haikusogea hata shubiri, lakini madereva wa malori, mawakala wa forodha na wenye maghala waliandamana wakisema bandari yao imehamishwa. Walilitumia neno sawasawa. Septemba 2022 Rais William Ruto alirudisha Mombasa kazi ya kutoa mizigo. Kwa hiyo "bandari kavu" ni Kiswahili sahihi, na kamusi zetu ziliingize.