Mvinyo wa Dodoma kwa Msafiri Atokaye Simiyu

Eneo la mvinyo la Dodoma ndilo kitovu cha kilimo cha zabibu nchini Tanzania. Linazunguka Jiji la Dodoma na kuingia Wilaya ya Chamwino, kwenye uwanda wenye mwinuko wa takriban mita 1,100 na mvua chache. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na makao makuu yake yakiwa Bariadi, ni nchi ya pamba. Msafiri wa Bariadi hufika Dodoma kwa basi kupitia Maswa, Shinyanga, Nzega, Singida na Manyoni.

Mizabibu ililetwa na wamisionari Wakatoliki, na misheni ya Bihawana ndiyo hutajwa zaidi kuwa chimbuko lake. Baada ya uhuru, kampuni ya umma ya DOWICO ilisindika zabibu za wakulima kabla ya kusimama, kisha viwanda binafsi vikashika nafasi yake, kikiwamo CETAWICO cha Hombolo. Utafiti wa zao hili hufanyika katika kituo cha TARI Makutupora, kaskazini mwa jiji. Aina ya zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora ndiyo iliyozoeleka zaidi kwa mvinyo mwekundu. Kwa mweupe hutumika Chenin Blanc.

Jambo la kipekee hapa ni mavuno mawili kwa mwaka. Stellenbosch, Afrika Kusini, baridi hulaza mizabibu na mavuno huwa mara moja. Dodoma haina baridi ya namna hiyo, hivyo mkulima ndiye anayeupangia mti ratiba: akishaupogoa, machipukizi hutoka, na miezi michache baadaye vichala huwa tayari. Mavuno ya kwanza huangukia Februari na Machi, wakati wa mvua, ukungu ukiwa adui mkubwa. Ya pili huwa Agosti na Septemba. Ardhi ni kavu, jua ni kali, na zabibu hupata sukari nyingi zaidi. Haya ndiyo mavuno bora ya kutazama. Asubuhi na mapema wavunaji hupita kati ya mistari wakiwa na mikasi, wanakata kikonyo, wanatoa punje zilizooza, kisha wanalaza kichala kwenye kreti polepole kisipondeke.

Mtu aliyekulia kwenye pamba ataiona tofauti mara moja. Pamba iliyokauka vizuri inaweza kungoja ghalani, lakini zabibu hazingoji. Viwanda vikielemewa, zabibu huozea shambani. Ndiyo maana wasindikaji wadogo wana umuhimu mkubwa: hukamua na kuchachusha zabibu wenyewe, wakapata mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ambao haujafungashwa, na kuwauzia wenye viwanda vikubwa. Kila pipa linalojazwa kijijini ni zabibu zilizookolewa.

Maeneo ya kutembelea ni Hombolo, Mpunguzi, Matumbulu, Veyula na shamba la umwagiliaji la Chinangali huko Chamwino. Mengi ni mashamba ya familia, hivyo mgeni apige hodi na kuomba ruhusa kabla ya kuingia shambani. Viwanda navyo vitaarifiwe mapema. Anayetaka kuonja Makutupora kavu na tamu kwa pamoja aanze na kavu, kwani utamu ukitangulia huficha ladha ya ile nyingine. Safari ipangwe Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na chupa zinunuliwe kwa msindikaji mwenyewe.