SoHo: Mtaa Uliookolewa na Barabara Isiyojengwa

Dalali wa New York akikutembeza katika lofti ya mtaa wa SoHo, kuna vitu vitatu hatakosa kuvisifu: dari iliyo juu sana, madirisha mapana yanayoanzia karibu na sakafu, na nguzo za chuma zilizosimama katikati ya sebule. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowekwa kwa ajili ya mtu kulala au kupokea wageni. Dari iliinuliwa ili marobota ya nguo yapate nafasi. Madirisha yalipanuliwa kwa sababu mwanga wa gesi haukumtosha mnunuzi kupambanua rangi za vitambaa. Nguzo zilibeba uzito wa bidhaa. Nyumba hizi zinazouzwa leo kwa mamilioni ya dola zilianza zikiwa ghala na maduka ya jumla, zikawa karakana, kisha zikawa mali ambayo kila mwenye mipango ya jiji alitamani kuibomoa. Zimebaki kwa kuwa kwa muda mrefu hakuna aliyeona faida ya kuzigusa.

Mtaa wenyewe uko kisiwani Manhattan, kati ya barabara ya Houston upande wa kaskazini na Canal upande wa kusini. Mwaka 1644, Wadachi wakiwa bado ndio wenye mji, watumwa 11 wa Kiafrika wa Kampuni ya West India waliomba uhuru wao. Walipewa uhuru wa nusunusu, kwani watoto wao walibaki mali ya kampuni, na wakagawiwa mashamba nje ya mji, mahali ambapo wangekuwa ngao kati ya Wadachi na wenyeji wa asili waliokuwa wakipigana nao. Sehemu ya mashamba hayo ndiyo SoHo ya leo. Waingereza walipoutwaa mji, ardhi hiyo iliwatoka Waafrika hao mikononi kidogo kidogo. Hayo hayamo katika sifa za dalali.

Biashara ya vitambaa ndiyo iliyoujenga mtaa tunaouona sasa, na msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana haki ya kutega sikio hapa. Mwaka 1840 merikebu Sultana ya Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, ilitia nanga New York, mjumbe wake Ahmad bin Na'aman akiwa ndani, na shehena ya karafuu, pembe za ndovu, kahawa na tende. Ilirudi Zanzibar ikiwa na vitambaa vya merikani, shanga na bunduki. Wakati huo SoHo ilikuwa bado mtaa wa makazi. Miaka ya 1850 maduka makubwa na mahoteli yalipanda barabara ya Broadway, na nyuma yake, katika barabara za Greene, Mercer na Wooster, zikafuata ghala za wafanyabiashara wa nguo. Katikati ya ghala hizo palikuwa na madanguro, tena mengi.

Wenye mali walitaka majengo yapande haraka na yapendeze machoni pa wateja, bila gharama ya kuchonga mawe. Wahunzi wakawapa jibu: chuma cha kusubu. Chuma kiliyeyushwa, kikamiminwa katika kalibu za mchanga, zikatoka nguzo zenye nakshi za Kiyunani, matao na kingo za madirisha. Mteja alichagua mitindo kutoka katika kitabu cha kiwanda, vipande vikaletwa, vikafungwa kwa bolti na kupakwa rangi ili vifanane na mawe. Huo ulikuwa udanganyifu uliofanywa mchana kweupe, na mimi nauona mzuri kuliko mawe yenyewe, maana chuma chembamba kiliruhusu kioo kitawale ukuta mzima. Hata pembezoni mwa njia za miguu waliweka mabamba ya chuma yenye vioo vidogo vya mviringo, mwanga ushuke hadi kwenye ghala za chini ya ardhi.

Jengo la Haughwout, kwenye pembe ya Broadway na Broome, lilikamilika mwaka 1857. Liliuza vyombo vya kaure, vioo na taa za kuning'inia, na mke wa Rais Lincoln alikuwa miongoni mwa wateja wake. Humo ndimo Elisha Otis alimofunga lifti yake ya kwanza ya abiria. Jengo lilikuwa na ghorofa tano tu, na watu wa siku hizo walikuwa na miguu ya kuzipanda. Lakini mteja aliyekuja kushangaa lifti aliondoka na sahani.

Kufika mwisho wa karne ya 19 maduka ya kifahari yalikwisha kuhamia kaskazini. Ghala zikashikwa na wachapaji, washonaji, watengenezaji wa wanasesere, na wanunuzi wa matambara na karatasi chakavu. Nyuso za majengo zilikuwa chuma, lakini sakafu na boriti za ndani zilikuwa mbao, zimelowa mafuta ya mashine kwa miongo kadhaa. Tena chuma cha kusubu, kikipata moto kisha kikapigwa maji, hupasuka. Wazima moto waliuita mtaa huo Ekari Mia za Jehanamu, na baadhi yao walifia humo.

Kwa Robert Moses, aliyejenga barabara na madaraja ya New York kuliko mtu mwingine yeyote, hapo palikuwa mahali pa kupitisha barabara. Alikusudia njia kumi za magari zikate Manhattan kutoka magharibi hadi mashariki, zikifuata barabara ya Broome, na kuunganisha njia ya Holland ya chini ya mto na madaraja ya upande wa pili. Mpango huo ulining'inia juu ya mtaa tangu miaka ya 1940. Ulikataliwa mwaka 1962, ukafufuliwa, na mwaka 1968 mwandishi Jane Jacobs alikamatwa na polisi katika kikao cha kuujadili. Ulizikwa mwaka 1969. Katika miaka yote hiyo, nani angekarabati jengo ambalo kesho lingeweza kubomolewa na serikali? Na nani angelivunja ili ajenge jipya? Kodi zikashuka, ghorofa zikabaki tupu, na nguzo za chuma zikaendelea kusimama chini ya masizi. Moses, bila kukusudia, aliuhifadhi mtaa kuliko chama chochote cha uhifadhi.

Ila haukuwa mtupu kama walivyosema waliotaka kuubomoa. Chester Rapkin, mtaalamu wa mipango miji aliyeagizwa na jiji kuuchunguza, alieleza mwaka 1963 kwamba viwanda vidogo vya humo vilikuwa hai na viliajiri maelfu ya watu, wengi wao Weusi na Wapuerto Rico ambao wasingepata kazi kirahisi kwingine. Ripoti yake ilisaidia kuzuia bomoabomoa. Haikuwasaidia wafanyakazi hao kubaki.

Waliowarithi ni wasanii. Walihitaji nafasi ya kuweka turubai kubwa na vyuma vya kuchomelea, na kodi ilikuwa ndogo. Sheria ilikataza kulala katika jengo la kiwanda, kwa hiyo kitanda kilifichwa mkaguzi alipobisha hodi, na jioni, mashine zikizimwa, joto lilizimwa pia. Baada ya mvutano wa mwaka 1961, jiji lilikubali waweke kibao mlangoni chenye herufi A.I.R. (Artist in Residence, yaani msanii mkazi) na ghorofa waliyomo, ili wazima moto wajue kuna mtu ndani. Mwaka 1967 msanii George Maciunas alianza kuwanunulia wenzake majengo kwa ushirika, akianzia nambari 80 ya barabara ya Wooster, bila kusajili mauzo kama sheria ilivyotaka. Mwanasheria Mkuu wa jimbo alipomwandama, Maciunas alijifungia, huku marafiki zake wakimtumia Mwanasheria Mkuu kadi za posta kutoka nchi za mbali, adhani mtuhumiwa yuko safarini.

Mchongaji Donald Judd alinunua jengo zima, nambari 101 ya barabara ya Spring, mwaka 1968 kwa dola 68,000. Lilikuwa limejengwa mwaka 1870. Aliacha kila ghorofa wazi na kuipa kazi moja: hapa kula, hapa kufanya kazi, hapa kulala. Wasanifu waliomfuata, na matajiri walioajiri wasanifu hao, waliichukua mandhari hiyo na kuiita mtindo. Judd alifariki mwaka 1994. Ukarabati wa jengo ulipokamilika mwaka 2013 ulikuwa umegharimu dola milioni 23.

Mwaka 1971 jiji liliruhusu wasanii waliothibitishwa na serikali kuishi humo kihalali. Mtetezi wa majengo ya kale Margot Gayle naye alizunguka mtaani na sumaku, akiwaonyesha watu kwa kuinasisha ukutani kwamba walichodhani ni jiwe ni chuma. Mwaka 1973 mtaa ukatangazwa eneo la kihistoria lenye majengo yapatayo 500. Ulinzi na sifa vilifika pamoja, na bei ikapanda nyuma yake. Mawakili na watu wa benki walinunua lofti zilizotengwa kwa wasanii, na jiji halikuwafuatilia sana.

Ndiyo maana mabadiliko ya mipango miji yaliyopitishwa Desemba 2021 yana kichekesho chake. Yaliruhusu majengo mapya, zikiwemo nyumba za bei nafuu, na yakampa mwenye lofti ya msanii njia ya kuigeuza kuwa makazi ya kawaida: achangie mfuko wa sanaa dola 100 kwa kila futi ya mraba. Wakazi walienda mahakamani kuipinga ada hiyo, wakiwemo wazee waliofika miaka ya 1970 na brashi zao, ambao sasa wanamiliki mali ya mamilioni na hawana fedha taslimu ya kulipia.