Anthony Wilding, bingwa aliyekwenda viwanjani kwa pikipiki

Mwishoni mwa Julai 1914, Anthony Wilding alikuwa Pittsburgh, Marekani, akicheza tenisi na Wajerumani. Yeye na Norman Brookes waliichezea Australasia, timu ya pamoja ya Australia na New Zealand, katika Kombe la Davis. Ng'ambo ya wavu walikuwapo Otto Froitzheim na Oscar Kreuzer. Wajerumani walifungwa mechi zote tano. Siku chache baadaye vita vikawa vimewaweka wanaume hao wanne pande mbili. Froitzheim na Kreuzer walipanda meli kurudi kwao, Waingereza wakawakamata njiani.

Wilding alizaliwa Christchurch mwaka 1883, mtoto wa wakili aliyekuwa na viwanja vya tenisi nyumbani. Akasomea sheria Cambridge. Enzi hizo Wimbledon ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa, bingwa halipwi hata senti, kwa hiyo asiye na mali hakufika mbali. Lakini wenye mali walikuwa wengi, na wengi wao waliuona mchezo huu kuwa burudani ya alasiri tu. Wilding aliufanyia mazoezi kama mtu mwenye deni: alikimbia, aliruka kamba, na sigara hakuigusa. Alizunguka Ulaya kwa pikipiki kutoka shindano moja hadi jingine, na mwaka 1908 aliiendesha Uingereza nzima, Land's End hadi John o'Groats, akapata medali ya dhahabu.

Jasho hilo lilimpa Wimbledon miaka minne mfululizo, 1910 hadi 1913. Ule wa mwisho ndio ninaouthamini zaidi. Mmarekani Maurice McLoughlin alikuwa na mpira wa kuanzia uliotisha kila mtu, na wengi waliamini zamu ya Wilding imekwisha. Akamfunga 8-6, 6-3, 10-8. Mwaka huohuo alitwaa pia ubingwa wa dunia wa viwanja vya udongo mjini Paris na ule wa viwanja vya ndani mjini Stockholm.

Baada ya kulitwaa Kombe la Davis mwezi Agosti 1914, alijiunga na jeshi na kupewa kikosi cha magari ya deraya. Tarehe 9 Mei 1915, karibu na Neuve-Chapelle, Ufaransa, kombora liliangukia handaki alimokuwamo. Alikuwa na miaka 31.

New Zealand haijapata bingwa mwingine wa Wimbledon wa mchezaji mmoja mmoja. Chris Lewis alifika fainali mwaka 1983, akafungwa na John McEnroe.