Viatu Vyekundu vya Culver City: Masalia ya Filamu Yalivyogeuka Urithi

Ukusanyaji wa masalia ya filamu, yaani ununuzi na utunzaji wa mavazi, mabango, samani na vifaa vingine vilivyotumika kutengeneza au kutangaza filamu, ni desturi changa kuliko filamu zenyewe. Kwa miongo kadhaa ya mwanzo, wenye studio za Hollywood waliviona vitu hivyo kuwa zana za kazi, na zana ikishachakaa haina tena haki ya kuchukua nafasi ghalani. Mtazamo huo ulitikiswa na mnada uliofanyika Culver City, California, mwaka 1970, ambapo mali ya studio ya MGM ilitawanywa mikononi mwa wanunuzi wa kila aina. Mnada huo unastahili kuchunguzwa kwa makini kwa sababu unadhihirisha nguvu ya wakusanyaji binafsi pamoja na kikomo chake: waliokoa vile ambavyo macho yaliwahi kuvipenda, na vile ambavyo havikuwahi kuonekana na mtazamaji vikaangamia.

MGM iliundwa mwaka 1924 kwa kuunganishwa kwa kampuni tatu, nayo, kama studio nyingine za wakati huo, iliendeshwa kwa utaratibu wa kiwanda. Maleba, yaani mavazi ambayo mwigizaji huyavaa ili kuingia katika nafsi ya mhusika, yalirudishwa idarani baada ya filamu kukamilika, yakafumuliwa na kushonwa upya ili yamtoshe mwigizaji mwingine. Hata majengo ya bandia hayakuheshimiwa kuliko hayo, kwani mwezi Desemba 1938 mandhari ya zamani, yakiwemo yaliyotumika katika *King Kong* ya mwaka 1933, yaliteketezwa kwa makusudi ili kupata picha za moto mkubwa wa *Gone with the Wind*. Mabango nayo hayakukusudiwa kudumu: kampuni ya National Screen Service iliyakodisha kwa majumba ya sinema, ikayapokea yaliporudishwa, kisha ikayapeleka kwingine hadi yaliporaruka. Ndiyo maana baadhi ya mabango ya miaka ya 1930 yaliyopo leo yalipatikana ndani ya kuta za nyumba, mahali ambapo mafundi waliyatumia kuzuia baridi bila kujua kwamba walikuwa wakiyahifadhi.

Utaratibu huo ulidumu maadamu studio zilikuwa na fedha. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi uliozifanya studio kubwa zitengane na majumba ya sinema zilizokuwa zikiyamiliki, na katika miaka iliyofuata televisheni ikawabakiza watazamaji nyumbani. Mwaka 1969 tajiri Kirk Kerkorian alipata udhibiti wa MGM, akamweka James Aubrey, aliyewahi kuongoza televisheni ya CBS, kuwa rais wa kampuni, naye akaanza kupunguza gharama na kuuza mali. Maleba na vifaa vilivyokusanyika kwa zaidi ya miaka arobaini viliuzwa kwa jumla kwa mnadishaji David Weisz kwa takribani dola milioni 1.5.

Mnada ulifunguliwa tarehe 3 Mei 1970 na kuendelea kwa siku 18. Ziliuzwa samani, silaha, magari ya kale na maelfu ya mavazi, na hata Cotton Blossom, meli iliyojengwa kwa ajili ya filamu ya *Show Boat* ya mwaka 1951, ilipata mnunuzi. Hata hivyo, kitu kilichovuta hisia za watu kuliko vyote kilikuwa jozi ya viatu vyekundu alivyovaa Judy Garland katika *The Wizard of Oz* ya mwaka 1939. Katika kitabu cha L. Frank Baum viatu hivyo vilikuwa vya fedha, lakini filamu iliyopigwa kwa rangi ilihitaji wekundu unaong'aa, kwa hiyo mbunifu Adrian aliagiza vifunikwe kwa puleki, yaani vipande vidogo vyembamba vinavyometameta. Viliuzwa kwa dola 15,000, kiasi kilichowashangaza wengi waliozoea kuona maleba yakitupwa.

Viatu hivyo vilifika mnadani kwa sababu ya Kent Warner, mfanyakazi wa maleba aliyepewa kazi ya kupekua maghala, akakuta zaidi ya jozi moja na kujiwekea baadhi. Habari za mauzo zilipoenea, mwanamke mmoja wa Memphis, Tennessee, alijitokeza na jozi nyingine aliyokuwa ameipata katika shindano la mwaka 1940, na hapo umma ukatambua kwamba jozi hazikuwa moja. Kuanzia hapo wakusanyaji walilazimika kujifunza kuthibitisha uhalisi, yaani kulinganisha kitu na picha za filamu, kufuatilia mikono iliyokimiliki, na kusoma alama za ufundi kama kitambaa kizito kilichobandikwa chini ya soli ili kupunguza kishindo cha dansi. Jozi moja iliibwa mwaka 2005 katika jumba la makumbusho la Grand Rapids, Minnesota, na ilipopatikana mwaka 2018 wataalamu wa Smithsonian, taasisi iliyokuwa na jozi yake tangu 1979, walizilinganisha na kugundua kwamba zilikuwa zimechanganywa, kiatu cha jozi moja kikikaa na cha nyingine.

Miongoni mwa walionunua kwa moyo wa kuhifadhi alikuwepo Debbie Reynolds, mwigizaji wa *Singin' in the Rain*, ambaye kwa miongo minne aliutafutia mkusanyiko wake wote jumba la kudumu bila mafanikio ya kutosha. Mwaka 2011 alilazimika kuunadi, na gauni jeupe la Marilyn Monroe la *The Seven Year Itch* likafikia dola milioni 4.6 kabla ya ada. Mwezi Desemba 2024 viatu vilivyowahi kuibwa viliponadiwa vilifika dola milioni 28 kabla ya ada.

Bei hizo, pamoja na ukubwa wake, hazipimi thamani yote ya kilichokuwepo Culver City. Studio hiyo hiyo ilitupa nota za okestra za filamu zake za muziki, karatasi ambazo hakuna mshindani aliyezinyooshea mkono, na miaka mingi baadaye kiongozi wa okestra Mwingereza, John Wilson, alilazimika kusikiliza filamu hizo tena na tena ili aziandike upya ala kwa ala. Mapenzi ya mkusanyaji huanzia kwenye skrini, kwa hiyo huenda kwenye gauni kabla ya nota, na kwenye kiatu kabla ya daftari la fundi aliyekishona. Kwa sababu hiyo kazi ya kuhifadhi filamu haiwezi kuachiwa soko peke yake, bali yahitaji taasisi za umma zitakazopokea pia karatasi, daftari na nota wakati bado hazina mnunuzi.