Mipaka Isiyo na Ukuta: Historia ya Vipera vya Filamu ya Taharuki



1.0 Utangulizi

Niruhusuni nianze kwa kukiri kosa. Miaka mingi iliyopita, mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea rasimu ya sura iliyohusu filamu ya Psycho, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock mwaka 1960. Katika ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika kwamba filamu hiyo ni ya uhalifu, ni ya upelelezi, ni ya kisaikolojia na ni ya kutisha, zote kwa pamoja. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni: “Chagua moja.” Mwanafunzi akatii. Alichagua “ya kutisha”, akazikata kurasa zote zilizohusu wizi na upelelezi, na akafaulu. Sura iliyobaki ilikuwa nadhifu, lakini haikuihusu tena filamu aliyokuwa ameitazama. Mhadhara huu ni jaribio la kulilipa deni hilo.

Katika taaluma ya fasihi simulizi tumezoea kusema kwamba utanzu hugawanyika katika vipera. Nitaziazima istilahi hizo na kuzitumia kwa sinema. Utanzu ninaoukusudia ni filamu ya taharuki. Vipera vyake ni filamu za upelelezi, za ujasusi, za kisaikolojia, za njama za kisiasa, na kile ambacho Wafaransa walikiita “nyeusi”. Hoja yangu ni hii: kinachovitofautisha vipera hivi si mada pekee, bali zaidi ni namna maarifa yanavyogawanywa baina ya mtazamaji na wahusika. Kwa kuwa filamu moja inaweza kuugeuza mgawanyo huo mara kadhaa, mwingiliano wa vipera ni jambo la kawaida. Kipera safi ndicho kilicho nadra.

2.0 Taharuki na Mgawanyo wa Maarifa

Neno taharuki limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kwenda na kutikisika. Katika matumizi ya Waswahili limebeba maana ya fadhaa na wasiwasi wa moyo, na wahakiki wetu wakalichukua kutaja ile hamu inayomfanya msomaji asiweze kukifunga kitabu. Ni neno zuri kwa sababu linataja kinachomtokea mpokeaji, wala si kilichomo ndani ya kazi.

Hitchcock mwenyewe alilieleza jambo hili katika mazungumzo yake na mwongozaji wa Kifaransa, François Truffaut, yaliyofanyika mwaka 1962 na kuchapishwa kama kitabu mwaka 1966. Mfano wake unajulikana sana. Watu wawili wameketi mezani wakizungumza mambo ya kila siku, na chini ya meza pana bomu. Ikiwa mtazamaji hana habari, bomu likilipuka atashtuka kwa sekunde chache, basi. Lakini ikiwa amelionyeshwa bomu na kuonyeshwa saa, mazungumzo yale yale yasiyo na maana atayasikiliza roho ikiwa mkononi. Maneno ya wahusika hayakubadilika. Kilichobadilika ni anachokijua anayesikiliza.

Kutokana na mfano huu twaweza kupata hali tatu. Katika hali ya kwanza, mtazamaji anajua zaidi kuliko mhusika, naye huogopa kwa niaba yake. Katika hali ya pili, mtazamaji anajua kadiri ile ile ajuayo mhusika, nao hutafuta pamoja. Hapa ndipo upelelezi ulipo. Katika hali ya tatu, mtazamaji anamtegemea mhusika ambaye maarifa yake mwenyewe hayaaminiki, ama kwa sababu akili yake imevurugika, ama kwa sababu waliomtuma wamemdanganya. Hapo tumeingia katika saikolojia na ujasusi.

3.0 Vipera na Majina Yake Kihistoria

Tuanzie Ujerumani. Mwaka 1931 Fritz Lang alitoa filamu iitwayo M, inayomhusu muuaji wa watoto katika mji uliojaa hofu. Ilikuwa filamu yake ya kwanza yenye sauti, na sauti aliitumia kwa ustadi: muuaji ana desturi ya kupiga mbinja wimbo mmoja, na anayemtambua ni kipofu muuza vibofu, kwa masikio. Polisi wanamsaka muuaji, na wahalifu wa mji nao wanamsaka, kwa kuwa misako ya polisi inawaharibia shughuli zao. Je, tukiite kipera gani? Ni upelelezi, kwa kuwa tunafuata ushahidi. Ni saikolojia, kwa kuwa mwishoni muuaji anajitetea kwamba hana uwezo wa kujizuia. Tena ni uhalifu, kwa kuwa wezi wenyewe ndio wanaofanya kikao cha kumhukumu. Hivyo basi, karibu mwanzoni kabisa mwa sinema ya sauti, vipera vilikuwa vimekwisha kuchanganyika.

Miaka minne baadaye, mwaka 1935, Hitchcock alitoa Uingereza filamu ya The 39 Steps, iliyotokana na riwaya ya John Buchan ya mwaka 1915. Humo raia asiye na hatia anasakwa na polisi kwa mauaji asiyoyafanya, huku naye akiwasaka majasusi. Mtindo huo Hitchcock aliurudia Marekani mwaka 1959 katika North by Northwest, ambamo mtu wa matangazo ya biashara anadhaniwa kuwa jasusi ambaye kwa kweli hayupo duniani. Ujasusi, mapenzi, kichekesho na mbio za kuokoa roho vimefumwa humo kama ukili wa mkeka: ukiuchomoa mmoja, mkeka umefumuka.

Ama kuhusu filamu “nyeusi”, historia yake ni funzo kwetu sisi wanaisimu. Katika miaka ya vita, Marekani ilitoa filamu kama The Maltese Falcon ya John Huston (1941) na Double Indemnity ya Billy Wilder (1944). Wilder, kama Lang, alikuwa ameikimbia Ujerumani baada ya Wanazi kushika madaraka mwaka 1933. Wakati wa vita filamu hizo hazikuweza kufika Ufaransa. Zilipowasili kwa mkupuo baada ya vita, mhakiki Nino Frank alizieleza mwaka 1946 kwa jina la film noir, yaani “filamu nyeusi”, na mwaka 1955 Raymond Borde na Étienne Chaumeton wakaziandikia kitabu kizima. Waliozitengeneza hawakujua kwamba wanatengeneza “filamu nyeusi”. Jina lilikuja baada ya kitu, likatoka nchi nyingine na katika lugha nyingine. Kipera hiki hakikuzaliwa kiwandani. Kilizaliwa machoni pa watazamaji walioziona kwa pamoja kazi zilizotengenezwa mbalimbali.

4.0 Funzo kutoka kwa Lahaja

Hali hii haipaswi kumshangaza mtu aliyesoma lahaja za Kiswahili. Kiunguja husema “macho” na “jana”. Kiamu husema “mato” na “yana”. Je, Kimvita? Kimvita husema “mato” kama Kiamu, na husema “jana” kama Kiunguja. Ukichora ramani ya sauti ya kwanza, Mombasa iko pamoja na Lamu. Ukichora ramani ya sauti ya pili, Mombasa iko pamoja na Unguja. Mistari hiyo miwili haipiti mahali pamoja. Hata hivyo, hakuna mwanaisimu atakayemwambia Mmvita, “Chagua moja.” Kimvita ni lahaja kamili kwa sababu ya namna kinavyozikusanya sifa hizo, wala si kasoro iliyoangukia baina ya lahaja mbili.

Psycho ndiyo Kimvita ya sinema. Inaanza na mwanamke aliyeiba dola 40,000 za mwajiri wake, nasi tunamhofia asikamatwe: hiyo ni filamu ya uhalifu. Kabla ya filamu kufika nusu, mwanamke huyo anauawa, na fedha tulizokuwa tukizifuatilia zinazama kinamasini ndani ya gari. Kisha anakuja mpelelezi wa kukodiwa, nasi tunajua hatari asiyoijua yeye. Mwishoni daktari wa akili anatueleza tulichokiona. Mtazamaji amevushwa katika mgawanyo wa maarifa wa aina tatu, na kila kivuko kinamnyang'anya uhakika aliokuwa nao. Anayeiita “ya kutisha” tu hawezi kueleza kwa nini inatisha. Inatisha kwa sababu tulikuwa tumezama katika hadithi ya wizi.

5.0 Njama, Siasa na Sikio

Katika mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, kipera cha njama za kisiasa kilipata nguvu. Mfano bora ni Z ya Costa-Gavras (1969), iliyojengwa juu ya mauaji ya mbunge wa Ugiriki, Grigoris Lambrakis, ya mwaka 1963. Kwa kuwa tangu mwaka 1967 Ugiriki ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi, filamu ilipigwa Aljeria, na ilikuwa kwa jina la Aljeria ilipotwaa tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Kwa umbo ni filamu ya upelelezi: hakimu mpelelezi anahoji mashahidi na kuufikia ukweli. Lakini katika upelelezi wa kawaida ukweli ukijulikana mambo hutengemaa. Hapa ukweli unajulikana, kisha mashahidi wanakufa na wanajeshi wanatwaa nchi. Mwongozaji ametumia kipera kimoja ili akivunje kwa kingine, na uchungu wa filamu umo katika mvunjiko huo.

Mfano wa pili unaigusa taaluma yangu moja kwa moja. Mwaka 1974, mwaka ambao Rais Nixon alijiuzulu kwa kashfa ya Watergate, Francis Ford Coppola alitoa The Conversation. Mhusika mkuu ni mtaalamu wa kunasa mazungumzo ya watu kwa siri. Amenasa sentensi moja ya kijana na msichana wanaosema kwamba mtu fulani, akipata nafasi, atawaua. Anaisikiliza tena na tena, akiwaonea huruma. Mwishoni anaisikia upya, mkazo ukiwa juu ya “sisi”, na maana inapinduka: wale aliowadhania kuwa wahanga walikuwa wakijipa sababu ya kuua.

Filamu nzima imening'inia kwenye mkazo wa neno moja la Kiingereza. Katika Kiswahili, “sisi” wa kutendwa amekwisha kuingia ndani ya kitenzi: “atatuua”. Tukitaka kumtilia mkazo, hatutegemei sauti peke yake. Tunaongeza neno: “atatuua sisi”. Mfasiri atalazimika kuchagua. Akiandika la kwanza, mwisho hautaeleweka; akiandika la pili, siri imefichuka mapema. Filamu hiyo ni ya ujasusi wa sauti, ya njama na ya kisaikolojia, na mahali vipera vyote vitatu vinapokutana ni ndani ya kitenzi.

6.0 Upande Wetu

Kwetu, vipera hivi vilitangulia kupata umaarufu katika riwaya kabla ya filamu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), hufumbua mafumbo kwa kufikiri. Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974), hupambana na maadui wa nchi. Wote wawili tumewaweka chini ya “riwaya ya upelelezi”, kwa kuwa mpelelezi katika Kiswahili aweza kuwa askari anayechunguza mauaji na aweza kuwa jasusi. Baadhi yetu tulidhani huo ni umaskini wa istilahi. Leo naona kwamba neno hilo lilihifadhi undugu ambao istilahi zilizotenganishwa huuficha. Tulipokosea ni pale tulipozitupa kazi hizo zote katika kapu la “riwaya pendwa”, kisha tukasita kuzifundisha.

Kosa hilo tusilirudie kwa sinema. Nairobi Half Life (2012) ya David Tosh Gitonga, filamu ya kwanza kuwasilishwa na Kenya katika mashindano ya Oscar, inamfuata kijana aliyekuja mjini kutafuta uigizaji akajikuta katika genge la wezi. Ndani yake mna uhalifu, kichekesho na hofu ya polisi, na lugha zake nazo zinachanganyika: Kiswahili, Sheng, Kikuyu na Kiingereza. Mwanafunzi atakayelazimishwa kuchagua kipera kimoja atafanana na anayelazimishwa kusema filamu hiyo iko katika lugha moja. Kijana yule yuko jukwaani na yuko gengeni, na taharuki yetu inatokana na kujua kwamba hawezi kubaki kote kuwili.

7.0 Hitimisho

Sisemi kwamba tuyatupe majina ya vipera. Bila majina hatuwezi kulinganisha, na bila kulinganisha hatuna taaluma. Ninachokisema ni kwamba jina la kipera ni swali la kuiuliza kazi: hapa nani anajua nini, na anakijua lini? Kazi moja yaweza kulijibu swali hilo kwa njia nne, na mwanafunzi anayeziona zote nne anastahili alama zaidi, si kalamu nyekundu.

Yule mwanafunzi wangu sasa ni mwalimu. Nimemwomba radhi ana kwa ana. Akacheka, akaniambia kwamba zile kurasa alizozikata bado anazo, na kwamba ndizo anazozifundishia.