Laikipia: Fimbo ya Mita Moja na Jicho la Mfugaji

Katika kaunti ya Laikipia, nchi jirani ya Kenya, malisho ya jamii ya Wamaasai wa Mukogodo yamepakana na ranchi za watu binafsi. Mvua zinapokosekana, mpaka huo huwa chanzo cha ugomvi. Mwaka 2017 maelfu ya mifugo waliswagwa hadi ndani ya ranchi, na watu wakapoteza maisha. Ndiyo maana suala la nani apimaye hali ya malisho, na kwa kipimo gani, si la wataalamu pekee.

Njia mojawapo ya upimaji ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Imo katika mwongozo wa mwaka 2010, ulioandikwa kwa ajili ya wafugaji wa Afrika Mashariki na Corinna Riginos pamoja na Jeffrey Herrick, mtafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani kutoka New Mexico, jimbo kame lenye ranchi nyingi. Kinachohitajika ni fimbo ya mita moja yenye alama tano. Mpimaji huanzia mahali palipochaguliwa, hutembea pande nne, na kila upande huidondosha fimbo mara tano. Kisha hutazama kila alama imeangukia nini: nyasi, kichaka, majani makavu, jiwe au udongo mtupu. Jumla ni alama 100, hivyo hesabu yenyewe ni asilimia. Hata asiyejua kuandika aweza kuifanya kwa kokoto. Fimbo ikilala yote pasipo mmea, hilo nalo huhesabiwa, kwa kuwa katika pengo la namna hiyo maji ya mvua hupita mbio na kubeba udongo badala ya kuzama.

Walakini fimbo haijui kila kitu. Eneo lililovamiwa na dungusi kakati, mmea wa kigeni ambao miiba ya matunda yake huwaumiza mbuzi, halina udongo mtupu mwingi, lakini kwa mfugaji limeharibika. Mchungaji ndiye ajuaye nyasi ipi ng'ombe huiruka, na kwamba boma lililohamwa huota nyasi tamu kwa miongo kadhaa kwa sababu ya samadi. Maarifa hayo hutumiwa pia katika ranchi: maboma ya kuhamishika huwekwa makusudi juu ya udongo mtupu.

Kigumu ni kinachofuata baada ya kupima. Kufunga malisho ni uamuzi wa wazee na kamati za ardhi za jamii, na mfugaji aliyekimbia ukame kutoka kaunti nyingine hakuwamo katika kikao chao.